Maiti Asitiriwe, Muuaji Aonekane

Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba amefiwa. Anaambiwa, "Mama anaumwa, jitahidi ufike." Anakata tiketi akijua na hataki kujua. Njiani wanampigia kumuuliza amefika wapi, na kila anayepiga anamwongezea kidogo: hali si nzuri, madaktari wanahangaika, wewe njoo tu. Akishuka mtaani anaona turubai, anaona viti vya plastiki vya kukodi, anaona shangazi zake wamejifunga kanga kiunoni. Hapo anaimalizia mwenyewe ile sentensi ambayo ndugu zake wameianza tangu alfajiri. Mgeni wa mila zetu anaweza kuuita huo uongo. Mimi naona ni namna ya kumtwika mtu mzigo akiwa amefika kwa watu wa kumshika.

Runinga haina shangazi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaingia sebuleni na maiti bila kubisha hodi, na kama marehemu ni wako utajua hapohapo, tonge likiwa mkononi.

Nayasema haya nikiwa mmoja wa wakosaji. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhariri wa zamu ya jioni katika kituo kimoja cha runinga hapa Dar es Salaam. Jioni moja basi lilipata ajali mkoani. Picha zilitufikia saa kumi na mbili na nusu, zimepigwa kwa simu, zinatikisika. Kijana wetu wa kuhariri picha alijifungia nazo kwenye kile chumba chenye baridi, akaziangalia zote tangu mwanzo hadi mwisho, maana lazima mmoja aone kila kitu ili wengine wasione. Miaka ile hakuna aliyemuuliza kesho yake amelalaje. Tulifanya tulivyofundishwa: nyuso tukaziba kwa ukungu, damu tukaikata, maandishi ya tahadhari tukayaweka sekunde tano. Nikaipitisha.

Saa mbili na robo nikaletewa simu ya mapokezi. Alikuwa mwanamke, sauti ya chini, bila kilio.

"Mwanangu, hilo shati la mistari ya kijani nimelipiga pasi mimi asubuhi. Mikono huwa anaikunja, wa kulia unapanda kuliko wa kushoto. Yuko hospitali gani?"

Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama," nikaweka simu mezani bila kuikata, nikairudisha ile picha. Uso ulikuwa umezibwa vizuri kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umepanda kuliko wa kushoto.

Tangu siku hiyo sina imani na ukungu. Ukungu humkinga mhariri na barua ya malalamiko. Mama hamtambui mwanawe kwa uso peke yake. Anamtambua kwa soksi, kwa kovu la gotini, kwa begi alilomwazima binamu yake. Ndiyo maana nikisikia mtu wa runinga akijitetea kwamba "tuliblari" najua bado hajapokea simu kama ile.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Kila aliyewahi kuingia kuosha anaijua adabu hiyo. Unatoka, unanawa, watu nje wanakutazama usoni, wewe unasema "tumemaliza" na kuomba maji ya kunywa. Uliyoyaona mle ndani, hata mkeo humwambii. Kazi ya yule kijana wa kuhariri picha, kwa kuitazama vizuri, ni ya mwosha. Kazi yangu mimi mhariri ilikuwa kusimama mlangoni. Nilichofanya jioni ile ni kufungua mlango nikiwa nimemfunika marehemu kitambaa cha usoni tu.

Kanuni zipo, wala hatuwezi kusema hatukuzijua. Wakenya wameziandika waziwazi katika kanuni za maadili ya uandishi zilizofungamanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013: picha za miili iliyoharibika, matukio ya damu na mandhari ya kuchukiza ziepukwe, isipokuwa pale kuzitoa kutakapotumikia maslahi ya umma. Huku kwetu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina kanuni za maudhui na ina Kamati ya Maudhui inayoita vituo na kuvipiga faini. Tatizo liko kwenye hicho kipande cha mwisho, maslahi ya umma. Sijawahi kukaa katika kikao cha wahariri akakosekana mtu wa kusema picha hii ina maslahi ya umma. Ajali? Watu wajue hatari ya mwendo kasi. Mafuriko? Watu wahame mabondeni. Maneno hayo ni kama kabati la jikoni, kila kitu kinaingia humo.

Mimi nimejipunguzia swali. Mtazamaji akishauona mwili huu, atajua nini ambacho hakukijua nilipomwambia kwa maneno? Ikiwa jibu ni kwamba watu wamekufa, basi maneno yalitosha, na mwili usitiriwe. Lakini mwosha naye kuna siku anafunua shuka na kukuta tundu la risasi mgongoni kwa mtu ambaye walioleta maiti walisema ameanguka bafuni. Siku hiyo akinyamaza hamsitiri marehemu. Anamsitiri aliyemuua.

Kwa waandishi wa Tanzania mfano wa hilo una jina. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini wakati polisi wakizuia shughuli za chama cha upinzani cha CHADEMA. Mwili wake ulikuwa umeharibika vibaya, na picha zake zilizunguka. Lakini picha iliyobaki vichwani mwetu, ile iliyochapishwa na Mwananchi, ilipigwa muda mfupi kabla ya hapo. Mwangosi yuko chini. Polisi wenye mavazi ya kutuliza ghasia wamemzunguka, na mmoja wao amemwelekezea silaha kwa karibu. Hakuna tone la damu katika picha ile. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja tu kati ya wote wale wanaoonekana. Hilo tutalijadili siku nyingine. Ninachotaka kukionyesha hapa ni mahali kamera ilipoelekea. Picha ya mwili ilitupa kichefuchefu. Picha ya waliosimama ndiyo iliyotupa swali la kuuliza serikali.

Ndivyo ilivyokuwa pia Nairobi, Januari 2011, Daily Nation lilipochapisha mfululizo wa picha za polisi waliovaa kiraia wakiwapiga risasi, barabara ya Langata, watu waliokuwa wameshajisalimisha. Picha za kutisha kabisa. Ukimficha aliyeshika bastola kwa sababu ya huruma kwa aliyelala, huruma hiyo imemwendea nani?

Na Likoni. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee na kuzama likiwa na mama na binti yake, abiria wakirekodi kwa simu. Video ile haina mwili hata mmoja. Ina gari, maji, na kivuko ambacho kinaonekana wazi hakikuwa na kitu cha kulizuia gari wala mtu wa kurukia majini. Kama kuna picha ambayo Shirika la Feri la Kenya lilipaswa kuwekewa mezani ni hiyo. Lakini vituo havikuishia hapo. Kwa siku 13 kamera zilikaa ufukweni zikiitazama familia ikisubiri, na gari lilipoopolewa zilikuwepo mubashara. Sijui, na nimewauliza wenzangu wa Mombasa bila kupata jibu, zile siku 13 za nyuso za ndugu wa marehemu zilituambia nini ambacho ile video fupi haikuwa imetuambia.

Watetezi wa picha kali wana hoja nzito zaidi ya hizi za kwetu, na nisipoieleza nitakuwa nacheza mchezo wa upande mmoja. Hoja yenyewe ni Korem.

Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na hapa ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, kijana wa miaka 20. Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, na mwandishi wa BBC Michael Buerk, na Oktoba 23 picha zao za njaa zikarushwa London. Mamia ya vituo duniani yalizichukua. Wanamuziki wa Uingereza wakaimba, Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, mamilioni ya fedha yakachangwa. Njaa yenyewe haikuanza Oktoba ile. Mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kutoa tahadhari, ripoti zilikuwa zimeandikwa, na dunia ilikuwa haijashtuka. Ikashtuka baada ya picha. Kwa hiyo, wanasema watetezi, mkizificha picha ngumu mnaziacha njaa zijazo ziue kimyakimya.

Hoja hiyo nilikuwa naiogopa mpaka nilipokaa nikaitazama tena ile ripoti, kwa utulivu, kama mtu wa kazi. Kinachoonekana ni alfajiri, ukungu wa kweli wa mlimani, watu wengi mno wamekaa chini. Wafu wapo. Wamelazwa mstari, lakini wamefungwa kwenye mashuka na magunia, wakubwa na wadogo. Kuna kifurushi kidogo sana kinachowekwa chini kwa mikono miwili. Amin hakukifunua, na hakuhitaji. Waethiopia walikuwa wameshawasitiri watu wao kabla kamera haijafika, na kamera ikaiheshimu sanda. Picha iliyotikisa dunia kuliko zote zilizowahi kutoka Afrika Mashariki ilikuwa na maiti waliofunikwa.

Sisemi ilikuwa picha isiyo na dosari. Walio hai mle, wale waliobakiwa na macho na mifupa, hawakuulizwa kama wanataka kuonekana hivyo na dunia nzima, na tangu hapo Ethiopia imebaki njaa katika vichwa vya watu ambao hawajawahi kuonja buna, kahawa yao. Huo ni mjadala wa haki kabisa. Amin mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mpiga picha mwenye njaa ya kuwahi kuliko wenzake, aliyepoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na akafa mwaka 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro. Hata kifo hicho kilinaswa na kamera ya mtu aliyekuwa ufukweni, ndege ikigusa maji na kuvunjika, na bado kinarushwa kila inapotajwa historia ya utekaji. Mwosha huoshwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotuumiza zaidi, yaani wafu wa nani huonyeshwa.

Januari 15, 2019 magaidi walivamia jengo la 14 Riverside, Nairobi, penye hoteli ya DusitD2. Watu 21 waliuawa. New York Times likaweka mtandaoni picha ya miili ikiwa imeegemea meza za mgahawa, kompyuta zao zikiwa mbele yao. Wakenya waliwaka. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likalipatia gazeti muda wa saa 24 kuiondoa. Gazeti lilijibu kwamba wasomaji wanapaswa kupata sura halisi ya unyama wa tukio. Na swali lililotawala siku ile lilikuwa moja: mngeweka picha kama hii ya Wamarekani?

Swali zuri, na jibu lake halina raha kwa Wamarekani. Septemba 12, 2001 gazeti hilohilo na mengine mengi ya Marekani yalichapisha picha ya mtu akianguka kichwa chini kutoka jengo la World Trade Center. Wasomaji wakalalamika kwamba amevunjiwa heshima, na picha ikatoweka kurasani kwa miaka. Siku chache baadaye kituo cha ABC kikaamua kuacha hata kurudiarudia picha za ndege zikigonga majengo. Wanajua kusitiri wakitaka. Kwa wafu wa nchi za mbali mkono unakuwa mwepesi zaidi.

Lakini mimi nilikuwa nacheka kwa uchungu nikiisoma hasira ya watu wetu, kwa sababu naujua mkono wetu wenyewe. Wale wa Riverside walikuwa watu wa ofisi, wamevaa vizuri, kompyuta mezani. Ni nani alilipatia gazeti lolote muda wa saa 24 kwa ajili ya kijana wa miaka 19 aliyelazwa chali kando ya mtaro, kifua wazi, bastola ya kutengeneza imepangwa pembeni yake, na msomaji wa habari akisema "jambazi sugu"? Nimezipitisha picha hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hazikupelekwa hata kwa mhariri mkuu. Ukungu tulimwekea tukikumbuka. Mahakama haikuwa imemwona, mama yake labda hakuwa amejua bado, na sisi tulikuwa tumeshamwonyesha nchi nzima akiwa hana shati. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, na zaidi ya watu 220 wakafa, miili ya wanakijiji waliotoka sokoni ilionekana kwenye simu na skrini kwa urahisi ambao nina hakika usingekuwepo kama kivuko kile kingekuwa kimebeba mkutano wa wakurugenzi. Ukitaka kujua cheo cha mtu katika nchi hii, mwangalie akishakufa, uone amefunikwa na nini.

Nairobi walau waliwahi kumwadhibu mtu. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, gazeti moja kubwa liliweka ukurasa wa mbele mwanamke aliyejeruhiwa akipiga kelele kwa maumivu. Wasomaji walikasirika, mtendaji mkuu akaomba radhi hadharani, mhariri akasimamishwa. Westgate ilikuwa ukumbi wa ununuzi wa watu wenye nafasi. Basi, nimemaliza.

Hapa kuna mtego mwingine, nao ni mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Neno utu lina wateja wengi, na wengine wana bunduki.

Juni 25, 2025, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru vituo vyote vya redio na runinga viache kurusha maandamano mubashara. Matangazo ya baadhi ya vituo yakazimwa hewani. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo siku hiyohiyo. Na huku kwetu, kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, simu zetu ziliingiwa na ujumbe wa polisi ukionya kwamba kusambaza picha au video zinazoleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu ni kosa la jinai.

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nimesimama jikoni. Neno ni lilelile ninaloandika makala hii kulitetea. Utu wa marehemu. Ningeweza kuuandika mimi. Na bado nilijua, kama alivyojua kila aliyeupokea, kwamba ujumbe ule haukuandikwa na mama mwenye pasi.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu, wengi wao watu wa dini na wema kabisa, wanaotaka sheria moja fupi: maiti isionyeshwe kamwe. Sheria hiyo ni zawadi kwa kila mwenye mamlaka anayetaka watu wafe bila ushahidi. Na wala sikubaliani na vijana wanaoniambia kwamba kila kitu kirushwe, ghafi, kwa sababu ukweli ni ukweli. Anayeamua inampasa afanye kazi ngumu ya kuangalia picha moja moja. Nani anataka isionekane? Wakiwa ni wafiwa, wasikilizwe, na mara nyingi watiiwe. Akiwa ni aliyeshika silaha, au bosi wake, basi hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kutafuta namna ya kuionyesha. Namna ya kuionyesha iko mikononi mwetu: kata kabla ya mwili kuanguka, acha sauti, acha buti, acha namba ya gari la polisi. Uso na shati vya aliyekufa vikae kando mpaka kwao wamejua.

Mubashara ndiyo haina nafasi ya haya yote, kwa sababu mkono wa mhariri haupo. Manila, Agosti 23, 2010, mtu mwenye bunduki aliteka basi la watalii kutoka Hong Kong. Ndani ya basi kulikuwa na runinga. Akawa anawatazama polisi wakijipanga nje, akamwona na ndugu yake akikamatwa, yote kwenye matangazo ya moja kwa moja. Watalii 8 waliuawa. Kuchelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa ni kitu ambacho mitambo inafanya bila shida. Wanaobisha ni wanaoshindania kuwa wa kwanza.

Na kuna kurudia. Hili hatulipi uzito hata kidogo. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine waliwapima watu na kukuta waliotazama habari za tukio kwa saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ile walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale mabomu yalipolipuka. Anayekuwepo huona mara moja. Runinga inakuonyesha mara 40, na katikati inakuwekea tangazo la sabuni. Kenya kanuni zinatenga saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda wa kulinda watoto. Taarifa kubwa za habari ni saa 1 jioni na saa 3 usiku. Piga hesabu mwenyewe. Ile tahadhari ya "picha zifuatazo zinaweza kukuogofya" nimeona inavyofanya kazi kwenye kibanda cha kahawa: waliokuwa wanacheza bao wanainua vichwa.

"Lakini zimeshasambaa WhatsApp," ndilo jibu la kila chumba cha habari leo. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuua watu wapatao 100, nilipokea video za walioungua kabla ya adhuhuri, mojawapo kutoka kwa shemeji yangu ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo. Kweli, zilikuwa zimesambaa. Hata matusi yamesambaa mtaani, na bado msomaji wa habari hayasemi. Watu bado wanawasha runinga kuthibitisha walichoona kwenye simu, maana yake wanaamini kuna mtu mzima upande wa pili aliyekwisha kuangalia na kuchagua. Siku tukiwaambia hakuna, tumejifunga wenyewe.

Yule mama alikuja kituoni. Ilikuwa karibu mwaka mmoja baadaye, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Mlinzi alinipigia akasema kuna mama ana shida na watu wa habari. Nilimtambua kwa sauti. Hakuja kulalamikia ile jioni ya kwanza, kuhusu ile alisema, "Hamkujua, baba." Alikuja kwa sababu usiku uliopita tulirusha habari ya kamanda wa usalama barabarani akitoa takwimu, na kwa kuwa takwimu hazina picha, mtu wetu alichukua picha za maktaba. Shati la mistari ya kijani. Akasema ni mara ya tatu kuliona. Wajukuu wamelijua sasa, wakiliona wanaita, "Bibi, baba huyo."

Nikampeleka maktaba. Zilikuwa siku za kompyuta moja na faili nyingi zisizopangwa. Kijana wa maktaba alitafuta, akaipata ajali yetu. Jina la faili, ambalo huenda niliandika mimi au mwenzangu wa zamu, lilikuwa AJALI BASI PICHA KALI SAFI. Mama hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee. Nikamwambia limeandikwa tarehe tu.

Aliomba mambo mawili: tusilirushe tena, na apewe nakala. Nikamuuliza nakala ya nini, mama. Akasema hana picha yake nyingine akiwa amevaa lile shati, na shati lenyewe hospitali hawakumrudishia. Tukamwekea kwenye flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ile nyingine kijana aliuliza aifute. Nikamwambia aibadilishe jina kwanza.